Ni ya TV ama ya Laptopu?

Ukiingia duka la muvi Kayole, Umoja ama Dandora, kuna swali utaulizwa kabla hata hujatoa pesa: "Ni ya TV ama ya laptopu?" Jamaa wa kaunta hana umbea. Anataka kujua ni mashine gani itafungua kile anachokuwekea kwa flashi, kwa sababu akikosea utarudi kesho jioni umenuna, na ploti nzima itasikia kwamba muvi zake hazifunguki. Siku hizi jibu langu limekuwa refu: ni ya kompyuta, lakini kompyuta imeunganishwa na TV, na hiyo kompyuta ni ya kitambo. Jamaa hushusha pumzi. Anajua ana kazi.

Swali lake ni la zamani kuliko flashi. Kabla ya flashi kulikuwa na diski, kabla ya diski kaseti, na kila mara palikuwa na mtu nyuma ya kaunta aliyehitaji kujua kitu kimoja: huko kwenu mko na nini? Historia ya sinema ya Nairobi ikiandikwa, huanza na majumba ya mjini: Kenya Cinema, Odeon, Embassy, Shan kule Ngara ambayo leo ni Sarakasi Dome, na zile drive-in mbili, Bellevue ya Mombasa Road na Fox ya Thika Road. Sawa. Lakini mle ndani, filamu ikikatika ilikuwa shida ya mtu mwingine. Watu walipiga mbinja, taa zikawashwa, bwana wa projekta akaunganisha utepe, mkaendelea. Hata magari ya sinema yaliyokuja viwanjani jioni, yale tuliyosimuliwa na wazazi, yalikuja na mtu wao wa kurekebisha. Sinema ilipoingia sebuleni Eastlands ilikuja kwa bei nafuu, na sehemu ya unafuu huo ni kwamba kazi ya bwana wa projekta tulipewa sisi. Ndiyo historia ninayotaka kuandika hapa: ya kukwama, na ya wale waliokwamua.

Mwanzo wake kwetu ulikuwa Greatwall. Ukiwa umezaliwa baada ya 2000 huenda umeiona tu kwa picha: TV ndogo ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyotengenezwa Uchina, yenye sifa moja kubwa kuliko zote, kwamba ingeweza kutumia betri ya gari. Nyumba isiyo na stima ilipeleka betri ichajiwe, ikarudi nayo mabegani kabla ya taarifa ya habari. Televisheni ilikuwa imeanza Kenya mwaka 1962, na hadi KTN ilipoingia hewani 1990, kituo kilikuwa kimoja. Kwa hivyo mtu aliyepata deki ya video alikuwa amepata kituo cha pili, na cha kwake.

Sasa ile Greatwall haikuwa na matundu ya nyaya za rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Ilikuwa na tundu la eriali peke yake. Deki basi ilijifanya kituo cha televisheni: iligeuza picha ya kaseti kuwa mawimbi, ikayapitisha kwa waya wa eriali, na wewe ukaitafuta kwa kuzungusha kisu cha masafa, mara nyingi karibu na chaneli ya 36 ya UHF. Hapo ndipo shida ya kwanza ilipozaliwa. Deki inazunguka, taa inawaka, kaseti inasikika ikilia ndani, na kwenye skrini ni chengachenga tupu. Hakuna kilichoharibika. Ni kwamba mtoto fulani alizungusha kisu. Kila ploti ilikuwa na mtu mwenye vidole vya kutafuta chaneli hiyo, na mtu huyo alipewa kiti cha mbele.

Shida ya pili haikutibika kwa vidole. Miaka ya 90 watu wa mitaa yetu walianza kwenda Marekani kwa wingi, kusoma na kutafuta, na wakaanza kutuma kaseti za harusi na mahafali. Shangazi yangu wa Jericho alipokea moja. Watu wakaalikwa, soda zikanunuliwa. Kaseti ilipoingizwa, picha ikabiringika kutoka chini kwenda juu, rangi hakuna, na bwana harusi akatamka kiapo kwa sauti nzito ya mlevi. Wazee waliamua kwamba kaseti ilichezewa posta.

Sababu yenyewe ilianzia kwenye nguzo za stima. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, wa Marekani 60. Waliobuni televisheni zamani zile walifunga mwendo wa picha kwenye mwendo wa umeme, ili usumbufu wa stima usitembee kama mistari juu ya skrini. Kwa hivyo Kenya, kama Uingereza, ikaishia na mfumo wa PAL, mistari 625 na picha 25 kwa sekunde; Marekani ikawa na NTSC, mistari 525 na picha karibu 30. Hata utepe wa VHS hauendi kasi moja: wa NTSC hupita kichwani mwa deki kwa milimita 33 hivi kila sekunde, wa PAL kwa 23. Deki yetu iliivuta harusi ya Marekani polepole kuliko ilivyorekodiwa, ndiyo maana bwana harusi alisikika amelewa. Kaseti mbili zinafanana kwa nje mpaka karatasi, na haziongei lugha moja.

Dawa ilitoka Dubai, ikapitia Eastleigh. Mapema miaka ya 90, wafanyabiashara wa Kisomali waligeuza vyumba vya Garissa Lodge kuwa maduka, na kutoka pale Eastleigh ikawa soko la vitu vya Ghuba. Dubai huuzia watu wa kila nchi, kwa hivyo deki nyingi zilizotoka huko zilisoma mifumo yote. Ukitaka kujua kwa nini mtaa wa Nairobi uliweza kutazama kaseti ya Texas, jibu halimo kwenye sera yoyote ya serikali. Limo kwenye mzigo wa mtu aliyeshuka na ndege ya Dubai.

Halafu vumbi. Vumbi la Eastlands lina tabia zake, na kaseti iliyopita nyumba kumi hubeba la nyumba zote kumi. Likishika vichwa vya deki, picha inakuwa mvua. Fundi alifungua kifuniko, akalowesha kipande cha karatasi nyeupe kwa spiriti, akakishikilia kwenye lile gurudumu linalong'aa na kulizungusha kwa mkono mwingine. Hasugui juu na chini, maana kichwa ni chembamba kama kucha ya mtoto na kitang'oka. Hatumii pamba, maana nyuzi zake zinabaki. Nilikuwa nikisimama pale kibandani nikitazama kazi hiyo kuliko nilivyotazama muvi zenyewe.

Karibu na mwisho wa miaka ya 90 na kuendelea, kaseti ilianza kuondoka, na kilichokuja kwetu hakikuwa DVD. Ilikuwa VCD. Wasomaji wengi wa Ulaya hawajawahi kuiona hii kitu. Ilitangazwa 1993 na Philips, Sony, Matsushita na JVC, na Marekani haikuitaka. Uchina na sehemu kubwa ya Asia ndizo zilizoipenda, na sisi tukaipata kutoka huko. Picha yake ilikuwa nukta 352 kwa 288. Simu ya kawaida siku hizi inarekodi picha kubwa mara 20 zaidi. Diski moja ilibeba dakika 74, kwa hivyo muvi ilikuja kwa diski mbili, na diski ya pili ndiyo iliyopotea. Kuna muvi za kungfu ambazo hadi leo sijui nani alishinda.

VCD ilileta shida yangu ninayoipenda kuliko zote. Unaweka diski ya Hong Kong, na watu wawili wanaongea kwa pamoja, mmoja wufa ya kushoto, mwingine ya kulia, lugha mbili tofauti, midomo ile ile. Watu walirudisha diski kama hizo dukani kila siku. Kumbe ni ujanja wa watengenezaji: VCD ina njia mbili za sauti, na wao waliweka Kimandarini upande mmoja na Kikantoni upande wa pili, ili diski moja iuzwe kwa wateja wa aina mbili. Rimoti ilikuwa na kitufe cha kuchagua kushoto ama kulia. Ukikipata, mtu mmoja ananyamaza.

Shida ilikuwa kwamba kunyamaza kwake hakukusaidii. Hakuna Kimandarini Korogocho. Sabtaito zilikuwepo, kwa Kiingereza kilichotafsiriwa na mtu mwenye haraka, herufi zikiwa zimeyeyuka kwa sababu nukta zenyewe ni chache. Sasa jiweke kwenye benchi la nyuma la kibanda cha video Huruma, watu sitini mbele yako, skrini ni TV moja juu ya meza. Nani anasoma nini? Na huyu jamaa wa kando yako, aliyelipa shilingi tano kama wewe, huenda hakufika darasa la nne.

Ndiyo maana nasema DJ Afro ni fundi. Wasomi wameandika kumhusu kama msanii wa Sheng, mrithi wa fanani wa kando ya moto, na mimi sipingi. Lakini mtazame kwa jicho la mtu anayerekebisha mitambo. Kuna muvi ambayo picha yake ni mbovu, sabtaito hazisomeki, lugha haieleweki, na mashine haiwezi kufanya lolote kuhusu hayo matatu. Yeye akaweka sauti yake juu ya muvi nzima, akaeleza nani ni nani, nani anamtafuta nani na kwa nini huyu mwenye kofia asiaminike, akatania katikati, na muvi ikafunguka. Watu wa Kampala walipata dawa hiyo hiyo kwa VJ Jingo na wenzake kwa Kiganda. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu kwa Kiswahili. Miji mitatu yenye shida moja ilipata jibu moja, na jibu lilikuwa mtu mwenye maikrofoni.

DVD nitaipita haraka, maana ilikuwa VCD yenye kiburi. Ilikuja na kufuli za kanda: Marekani kanda ya 1, Uingereza ya 2, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika ya 5. Kufuli hizo zilitusumbua kidogo tu kwa sababu mashine nyingi za bei ya chini ziliingia zikiwa tayari zimefunguliwa. Kilichotusumbua ni zile diski za muvi ishirini kwa moja. Ukibana muvi ishirini mahali pa mbili, kila mtu akikimbia uso wake unakuwa vigae. Na diski zikachubuka. Tulizipangusa kwa shati kutoka katikati kwenda nje, tukazipaka dawa ya meno, na ajabu ni kwamba dawa ya meno wakati mwingine ilifanya kazi, kwa sababu chembe zake hulainisha kingo za mchubuko na mwanga wa leza ukapita. Leza yenyewe ikichoka, fundi wa haraka alizungusha skrubu ndogo kando ya lenzi kuiongezea nguvu. Mashine ilisoma kila kitu kwa mwezi mmoja, halafu leza ikaungua kabisa. Fundi mzuri alikuambia hivyo kabla hajagusa skrubu. Wengine walichukua pesa na kukuambia uwasalimie nyumbani.

Nikiwa hapa niseme pia jambo ambalo mapenzi yetu kwa duka la muvi hulificha. Hollywood haikulala njaa kwa sababu ya Kayole. Watengenezaji wa River Road, wale wa Riverwood waliopiga filamu za vichekesho kwa kamera ndogo na kuziuza wenyewe kwa diski, wao waliumia. Nakala ya diski yao ilikuwa Umoja kabla yao hawajarudisha pesa ya mafuta.

Nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na baada ya hapo diski ilianza kufa. Muvi ikawa faili. Ndipo swali la jamaa wa kaunta likapata maneno yake ya leo, kwa sababu faili ni gunia. Jina lililoandikwa nje, AVI, MP4, MKV, linakuambia aina ya gunia tu. Ndani kuna picha iliyofungwa kwa njia moja, yaani kodeki, na sauti iliyofungwa kwa njia nyingine, na TV yako inaweza kujua moja isijue ya pili. Ndiyo sababu unapata muvi yenye picha safi na kimya cha kaburi: sauti ilifungwa kwa DTS, mwenye DTS anadai malipo ya leseni, na kampuni ya TV iliamua kutolipa. Wufa yako haina hatia.

Kisha kuna flashi yenyewe. Una nafasi ya GB 16, muvi ni GB 5, na inakataa kuingia. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja linalofika GB 4. Ukiipanga upya kwa exFAT faili linaingia, na TV ya zamani haiioni flashi kabisa. Jamaa wa duka anayajua haya yote bila kuwahi kuyasoma popote. Anayajua kwa idadi ya wateja waliorudi.

Dawa kubwa ya miaka hiyo ilikuwa koni ya rangi ya chungwa. VLC ilizaliwa 1996 katika chuo cha École Centrale Paris, na hadithi yake ingeweza kutokea Umoja. Wanafunzi waliokuwa wakiishi chuoni walitaka mtandao wa kasi, wa kwao ulikuwa wa polepole mno, na walihitaji sababu ya kuombea pesa. Sababu waliyoitoa ni televisheni: badala ya kila mwanafunzi kufunga dishi lake, dishi moja lipokee na picha zisambazwe kwa kila chumba kupitia mtandao. Yeyote aliyewahi kuona waya mmoja wa kebo ukiingia ploti moja na kutoka kwa madirisha kumi na mawili anaelewa mpango huo. Mwaka 2001 programu ikaachiliwa kwa ulimwengu bure. Na kwa sababu ilijengwa kwa picha zinazosafiri mtandaoni, ambako vipande hupotea njiani, ilizoea kucheza vitu vilivyokatika. Faili lililoshushwa nusu kabla ya bando kuisha, VLC ililicheza hiyo nusu. Kwa mtaa unaonunua intaneti kwa vipande, hakuna sifa inayozidi hiyo. Sauti ikitangulia midomo, unagonga herufi J ama K mpaka zikutane. Sabtaito zikichelewa, G ama H. Najua watoto wa darasa la tano Donholm wanaojua herufi hizo kuliko mafumbo ya Kiswahili.

Februari 14, 2015, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo ya analogi ya Nairobi, na NTV, KTN, QTV na Citizen zikawa giza hadi mapema Machi. Tunaikumbuka kama vita vya wakubwa wa habari. Sebuleni kwetu iliacha kitu kingine: visanduku. Nyumba nyingi zilinunua king'amuzi wakati huo, na king'amuzi kingi kilikuwa na tundu la USB. Kwa wiki hizo vituo vikiwa vimezimwa, watu wakagundua kwamba kisanduku cha habari kinafungua flashi. Duka la muvi lilifanya biashara. Lakini ubongo wa visanduku hivyo ulikuwa mdogo, na kaunta ikaongeza tawi kwenye swali: ya TV, ya laptopu, ama ya dikoda?

Ndipo tunafika kwa kompyuta yangu. Ni ya ex-UK, zile zinazofanyishwa kazi ofisini Uingereza mpaka zichoke, kisha zinakuja kuuzwa mjini kwetu. Yangu imetengenezwa 2008. Niliongezea kadi ndogo ya picha yenye HDMI, nikaunganisha na TV ya ukutani na wufa, na majirani wakaiita homu thieta kwa heshima ambayo haistahili.

Shida yake ya kwanza ilikuwa kingo. Picha ilikuwa kubwa kuliko TV; alama ya saa kwenye kona ilikatwa nusu. Hii ni roho ya Greatwall. TV za zamani zenye kioo cha mgongo mrefu hazikuweza kuchora pembeni vizuri, kwa hivyo zilipanua picha kidogo na kuficha kingo nyuma ya plastiki. Kioo kile kimekufa, lakini tabia imebaki ndani ya TV nyembamba za leo: zinapokea picha, zinaipanua, zinakata kingo ambazo hazihitaji kufichwa tena. Unaingia kwenye mpangilio wa ukubwa wa picha, unaiambia ionyeshe kila nukta kama ilivyo, na saa inarudi.

Shida ya pili ni nzito zaidi. Muvi inaanza, baada ya sekunde kumi picha inaganda, sauti inaendelea, picha inaruka kufukuza sauti, inaganda tena. Mtu wa kwanza atakuambia ununue kebo mpya ya HDMI. Usinunue. Kwenye VLC bonyeza Ctrl na J, soma jina la kodeki. Yangu iliandika HEVC, ndiyo hiyo wanaiita x265 dukani. Fungua orodha ya kazi za kompyuta: prosesa iko asilimia 100, feni inalia kama matatu ya Kayole ikipanda mlima.

HEVC iliidhinishwa 2013. Kazi yake ni kubana: picha ya ubora ule ule kwa karibu nusu ya ukubwa wa H.264, iliyoidhinishwa 2003. Inafanya hivyo kwa kuigawa picha kwa vipande vya ukubwa tofauti tofauti na kubashiri kila kipande kitasogea wapi, na ubashiri huo wote lazima urudiwe na mashine inayofungua. Simu ya juzi ina sehemu maalum ya kazi hiyo kwenye chipu yake. Kompyuta yangu ilizaliwa miaka mitano kabla ya lugha hiyo kuandikwa. Kadi yangu inajua H.264, ikiona HEVC inamwachia prosesa, naye anazama. Unaona mchezo? Mwenye duka anapenda x265 kwa sababu anapakua nusu ya bando na kuweka muvi mara mbili kwenye diski yake. Mimi naipenda kwa sababu flashi inatosha msimu mzima wa siriesi. Na anayelipa tofauti ni chuma cha Uingereza kilichochoka, kwa jasho. Mwaka baada ya mwaka muvi zinazidi kuwa ndogo, na mashine inayohitajika kuzifungua inazidi kuwa ile ambayo mtaa haujainunua.

Dawa ni tatu, na hakuna iliyo tamu. Omba toleo la H.264 la nukta 720, hata kama ni kubwa zaidi. Ama ligeuze faili usiku kucha kwa programu kama HandBrake, ukiomba stima isipotee. Ama fungua kompyuta, pangusa vumbi, badilisha ile grisi ya prosesa iliyokauka, maana prosesa yenye joto hujipunguzia mwendo yenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoanza nayo kila mara. Nilitoa vumbi la kutosha kupanda sukuma.

Ningekuwa nimeishia hapo kama kompyuta hii ingekuwa ya muvi tu. Lakini ukishajulikana mtaani kama mtu mwenye homu thieta, familia inakuletea yale mengine. Mwaka jana mathe alinipa VCD mbili kwenye kifuko cha plastiki. Ni mazishi ya babu, 1996. Yalirekodiwa kwa VHS, na kaseti ikahamishiwa kwenye diski 2005, wakati kila studio ya mtaa ilikuwa na bango la kazi hiyo. Kwa bahati mbaya mjomba alikuwa amerekodi fainali ya Kombe la Dunia ya 1998 juu ya mwanzo wa kaseti, kwa hivyo diski ya kwanza inafungua na Zidane akipiga kichwa dhidi ya Brazil, kisha ghafla tuko kijijini na watu wanashusha jeneza. Ibada yote ya kanisani imeenda na Zidane.

Diski ya pili ndiyo iliyo na shosho akiongea kando ya kaburi. Hakuna rekodi nyingine ya sauti yake. Na diski inakwama hapo hapo, kwa sababu diski za kuchoma nyumbani huandika kwa rangi iliyo chini ya plastiki, na rangi hiyo hufifia kuanzia pembeni. Dawa ya meno haigusi kitu kama hicho. Nilienda kwa fundi mmoja Kariobangi anayeweka rundo la visoma-diski vya zamani chini ya meza. "Leta nione, kijana," akasema, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. "Hii usiicheze tena. Kila mtambo una macho yake. Tutaipitisha kwa yote, polepole." Akatumia programu inayonakili kipande kinachosomeka, kuruka kisichosomeka, kisha kurudi tena na tena. Mtambo wa kwanza ulikataa. Wa tatu, wa kijivu, ulisoma karibu kila kitu kwa saa tano. Tulikosa sekunde kama arobaini, mahali pawili. Shosho anaanza sentensi kuhusu shamba, anaruka, anaimalizia kwa neno "ng'ombe."

Faili lililotoka lilikuwa la DAT, ambalo simu za binamu zangu zisingelijua. Nikaligeuza kuwa MP4, picha H.264, sauti AAC, kwa sababu hakuna simu ya familia yetu isiyojua hizo mbili. Zidane nimemwacha. Nikatuma kwa grupu la familia usiku wa Jumamosi, na jibu la kwanza likatoka kwa binamu yangu wa Dandora: "Imefunguka. Lakini mbona shosho anaongea sikio moja tu?"

Mwenye studio alichomeka waya upande wa kushoto peke yake. Nikaiweka mono, nikatuma tena.